Filamu za zamani za mauaji za Uingereza: utamu uko wapi, na nianze na ipi?

Tabata_Sinema: Wakuu, habari za jioni. Nataka kuwaonyesha watu 15 filamu za kizamani za Waingereza, zile mtu kauawa lakini watazamaji wanacheka. Runinga ni inchi 43. Kipande nilichoonja naona chai na maneno tu. Utamu wake hasa ni nini? Na ipi haitawasinzisha?

Kiko_cha_Msa: Mkuu, anza na Murder, She Said ya 1961, dakika 87. Mapema tu treni mbili zinakwenda sambamba, pazia la dirisha linafunguka, mwanamke anakabwa koo. Anayeona ni Miss Marple, bibi mpelelezi wa riwaya za Agatha Christie (anachezwa na Margaret Rutherford, hapo anakaribia miaka 70). Polisi hawapati maiti, wanamwona bibi kazidiwa na riwaya. Basi anaomba kazi za ndani kwenye jumba lililo kando ya reli ili aitafute maiti mwenyewe. Dada wa kazi mwenye umri wa bibi!

Utamu ndio huo: mzaha ni pazia. Ushahidi unapitishwa katikati ya kichekesho. Wewe unacheka, dalili imeshapita. Ile chai unayoilalamikia ndiyo mahali pa kukodoa macho, maana watu wenye adabu hawasemi jambo waziwazi. Anayemjua Bwana Msa na Najum wa riwaya za Muhammed Said Abdulla hatapata tabu na Marple na msaidizi wake, Bwana Stringer. Huyo Stringer, kwa taarifa yenu, alikuwa mumewe Rutherford kweli, na kwenye vitabu vya Agatha Christie hayumo.

Mama_Upelelezi: Hapo ndipo wasomaji wa Christie wanaponuna. Rutherford ana filamu nne za Marple. Murder at the Gallop (1963) na Murder Most Foul (1964) zimetolewa kwenye riwaya za Poirot, mpelelezi mwingine wa Christie, na Murder Ahoy (1964) haina riwaya kabisa. Kama kwenye kundi kuna wasomaji, mimi ningeweka Green for Danger ya 1946. Hospitali wakati wa vita, mabomu ya V-1 ya Wajerumani, yanayoruka yenyewe kwa injini, yanapita juu (mngurumo ukikatika ndipo linaanguka), mgonjwa anafia mezani kwa upasuaji. Waonye mapema: inspekta, Alastair Sim, anachelewa kuonekana, mwanzo ni sauti yake tu inasimulia. Akishaingia, filamu ni yake.

Kind Hearts and Coronets (1949) iache kwa siku nyingine. Alec Guinness anacheza watu wanane wa ukoo mmoja, raha tupu, ila muuaji unamjua tangu mwanzo, hakuna kubahatisha.

Fundi_Runinga: Niongeze la mitambo, maana maneno yasiposomeka utani wote umekwenda. Faili la maandishi ya chini (.srt) lipe jina lilelile la filamu. Kabla ya kulitafuta, tazama urefu wa filamu yako. Ikiwa dakika 83 na nusu badala ya 87, hiyo imetolewa kwa fremu (picha) 25 kwa sekunde badala ya 24, ndiyo maana inakwenda haraka. Ukiiwekea maandishi ya fremu 24, dakika ya 10 yameshachelewa sekunde 24, na mwishoni dakika tatu na nusu. Hayo hayarekebishiki kwa kusogeza. Tafuta ya toleo lako.

Green for Danger picha yake ni 4:3 (upana 4 kwa kimo 3). Usiivute ijaze kioo, nyuso zitakuwa kama maandazi. Itabaki na upana wa sm 71 hivi badala ya 95, pembeni kweusi, ndivyo inavyotakiwa. Zima pia sauti ya kuzunguka, kwani sauti za zamani ni za njia moja na maneno yataanza kuvuma. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 (mfumo wa zamani wa kuhifadhi mafaili) haipokei faili linalozidi GB 4.

Tabata_Sinema: Asanteni sana. Na maandishi yakichelewa sekunde 2 tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kuongezeka?

Fundi_Runinga: Hiyo ndogo. Kwenye VLC (programu ya kuchezea video kwenye kompyuta) bonyeza G. Kila mbonyezo unayawahisha milisekunde 50, kwa hiyo mara 40. Ukipitiliza, H inarudisha.