Mafundi mnaounganisha matangi ya maji chumvi kwenye chujio moja bila koki, mnatuulia samaki

Ndugu wafugaji wenzangu, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Fundi aliyeniunganishia matangi matatu ya maji chumvi kwenye tangi moja la kuchujia lililo chini ameniachia sakafu iliyofurika, samaki waliokufa katika matangi yote, na jibu lile lile kila ninapompigia simu: mfumo hauna tatizo, tatizo ni umeme uliokatika. Umeme hukatika kila mahali, na pampu hata bila umeme kukatika huharibika au huzimwa ili isafishwe. Anayejenga mfumo wa maji bila kujiuliza maji yatakwenda wapi pampu ikisimama hajamaliza kazi yake.

Wazo lenyewe la kuunganisha matangi halina kosa. Maji yakiwa mengi, joto na kiwango cha chumvi havibadiliki ghafla. Mtambo mmoja wa kuondoa uchafu kwa povu huhudumia matangi yote. Na bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, hupata makao makubwa zaidi kwenye mawe na kwenye chujio. Ninacholalamikia ni kazi ya kulipua inayofanywa kwa jina la wazo hilo.

Pampu ikizima, maji yaliyo juu ya ukingo wa kumwagikia, yaani pale maji yanapovuka kutoka kila tangi kuelekea kwenye chujio, hushuka kwenye tangi la chini, na hayo si mengi. Balaa huja kwenye bomba la kurudishia maji, lile linalotoka kwenye pampu na kuyapandisha hadi matangi ya juu. Mdomo wake ukiwa umezama, bomba hilo huanza kunyonya maji kinyumenyume na kuyashusha kupitia pampu, wala halisimami mpaka usawa wa maji ushuke na mdomo upate hewa. Kwangu midomo yote mitatu imezamishwa sentimita 15. Kila tangi lina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50, kwa hiyo tangi moja linashusha lita 90 na matatu yanashusha lita 270, wakati nafasi iliyo wazi kwenye tangi la chini haifiki hata nusu ya hizo.

Nililiuliza jambo hili kabla hajakata bomba hata moja, naye akanijibu kwamba vali ya kuzuia maji kurudi inatosha. Haitoshi, na mtu anayeishi kwa kazi hii anapaswa kujua hivyo. Ndani ya vali inayopitisha maji chumvi huota chokaa na viumbe vyenye magamba, na chembe moja ya mchanga ikinasa kwenye kizibo, vali haifungi. Angeweza kuinua midomo ya mabomba karibu na uso wa maji, au kutoboa kitundu kidogo chini tu ya uso huo ili hewa iingie mapema na kukata unyonyaji huo. Hata kitundu hicho huzibwa na mwani, ndiyo maana kinga ya uhakika ni tangi la chini lenye nafasi ya kupokea maji yote hata kama kila kinga nyingine imeshindwa.

Upande wa kushushia nao ni hivyo hivyo. Kila tangi lina bomba moja tu, bila la akiba, kisha mabomba yote matatu yameingizwa kwenye bomba moja lenye kipenyo kile kile. Konokono mmoja akikaa kwenye mdomo wa bomba, tangi lake halishushi tena, lakini pampu inaendelea kulijaza hadi limwagike.

Sakafu hukaushwa. Kilichoniumiza zaidi ni ugonjwa. Siku ya kukabidhi kazi, fundi alileta samaki wake mwenyewe na kumtia kwenye tangi la tatu, akisema ni wa kujaribia mfumo, bila karantini yoyote. Baadaye nikaona vidoa vyeupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi yake, akihema haraka na kujisugua kwenye mawe. Ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Kikishashiba hudondoka kutoka mwilini mwa samaki, hujifungia kwenye kifuko juu ya mchanga au jiwe, na kifuko kikipasuka hutoa mamia ya watoto wanaoogelea kutafuta samaki mwingine. Katika matangi yanayotumia maji mamoja, watoto hao husafirishwa na pampu hadi kila tangi.

Hapo ndipo ningefunga koki mbili na kulitenga tangi la tatu. Koki hazipo! Mabomba yamegundishwa moja kwa moja, kwa hiyo ama pampu izungushe maji ya matangi yote au isizungushe kabisa. Dawa ya shaba, inayoua kimelea hiki, siwezi kuitia humo kwa sababu inaua pia matumbawe, kamba na konokono, na mawe huinyonya. Taa ya miale ya urujuanimno aliyonisifia huua tu kile kinachopita mbele yake polepole. Haifikii vifuko vilivyo mchangani wala kimelea kilichokwisha kujichimbia ndani ya ngozi ya samaki. Sasa samaki waliosalia wanatibiwa kwenye tangi la pembeni lisilounganishwa na chochote, na matangi yote matatu yatakaa bila samaki kwa siku 76 ambazo wafugaji wengi hushauri, ingawa ugonjwa ulianzia kwenye tangi moja.

Ninamtaka fundi huyu arudi akate mabomba yake, aweke koki kwenye kila njia ya kuingia na ya kutoka, atenganishe mabomba ya kushushia, aongeze la akiba kwa kila tangi, na abadilishe tangi la chini, yote kwa gharama yake. Mpaka sasa amekataa.

Wenzangu mliokwisha kufumua mfumo wa namna hii, naomba mnijibu jambo moja: je, mliacha pampu moja yenye matawi na koki, au mliipa kila tangi pampu yake?