Kijana wa mfumo kanitegea tarehe ndani ya programu, na madeni ya wateja wangu yametua kwa mpinzani

Wakuu, mimi ni muuza pembejeo hapa Uyole, Mbeya. Wiki ya pili hii silali vizuri, kwa hiyo mnivumilie nikipandisha sauti.

Mwaka jana nilimpa kijana mmoja, mhitimu wa kompyuta, kazi ya kunitengenezea mfumo wa stoo na madeni. Wanaoijua biashara ya huku wanaelewa: mkulima wa viazi anabeba mbolea ya DAP leo, hela inakuja akishavuna. Ukipoteza orodha ya wadaiwa, umegawa sadaka. Tukapatana 1,200,000. Nimelipa yote, 400,000 ya mwisho nimempa mkononi hapo hapo kaunta. Neno leseni halikutamkwa hata siku moja.

Tarehe 15 Novemba, mvua zimeshaanza, foleni imefika barabarani, mfumo ukagoma. Kwenye kioo: "Muda wa matumizi umeisha. Wasiliana na msanidi." Nampigia, anataka 800,000 ndipo afungue. Za nini? "Za matunzo, mzee." Matunzo gani, wakati tangu anywe soda yangu siku ya kukabidhi hajakanyaga tena dukani?

Nikamwita dogo mwingine kutoka Mwanjelwa, akaifungua programu, akanionyesha mstari mmoja: ikifika tarehe fulani, jizime. Yaani siku ile ananishika mkono kunishukuru, tarehe ya kunikaba koo alishaiandika. Tena hakubahatisha. Wakati anaanza kazi aliniuliza, "Mzee, msimu huwa unachanganya lini?" Nikadhani ananijali. Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mwanangu!

Labda ningelipa nikanyamaza. Ila Jumatatu akaja bibi mmoja wa Isyonje, mteja wangu wa miaka, akasimama mbele ya watu wote: "Mwanangu, deni langu umemtangazia nani?" Akanipa simu nisome. Meseji ya duka jingine, ina jina lake, inamwambia wanajua anadaiwa 186,000 kwangu, ahamie kwao apate mbolea kwa punguzo. Mpaka jioni wateja saba wameniletea meseji ya namna hiyo. Nilitamani kuingia chini ya magunia.

Dogo akachimba tena. Kila usiku mfumo ulikuwa unatuma kopi ya orodha nzima kwenye barua pepe ambayo si yangu. Nikampigia yule kijana aliyeutengeneza. "Hiyo ni bakapu, mzee, kopi ya akiba, kwa usalama wako." Bakapu imefikaje kwa mpinzani wangu? Akakata simu.

Wapo watakaosema ni namba za simu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, haisemi hivyo. Taarifa ulizochukua kwa kazi moja huzipeleki kwenye kazi nyingine unayoitaka wewe. Na kinachoniuma zaidi, aliyezikusanya ni mimi. Bibi hamjui huyo kijana, ananijua mimi.

Msiniambie hakufundishwa. Wakati anajinadi alinikariria mpaka kanuni za maadili za ACM, kile chama cha wanakompyuta cha Marekani, toleo la 2018: kutunza siri za watu, kutodhuru, sijui nini. Akajisifu somo la maadili alipata A! Mhandisi akifanya uhuni kwenye daraja, Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaweza kumfuta. Huyu wangu atafutwa na nani? Muda huu huenda yuko Mafiat anamtengenezea mwenye duka la dawa mfumo, na humo kutakuwa na magonjwa ya watu.

Mtaniuliza mkataba. Sina. Anasali kanisa moja na mdogo wangu, nikaona aibu kumwandikisha. Nipigeni mawe kwa hilo, nayapokea.

800,000 silipi. Kioo nimekipiga picha, meseji za wateja ninazo, Jumatatu naenda polisi. Kwa sasa nimerudi kwenye kaunta buku, naandika upya deni moja moja kwa kumuuliza mkulima mwenyewe anadaiwa shilingi ngapi, na wapo wanaosahau vizuri sana. Kama kuna mdau hapa Mbeya anayeweza kuzitoa zile taarifa bila kuziharibu, aje dukani. Ila aje na mkataba, na paswedi zote abaki nazo mwenye duka.