Tupeane uzoefu: wanawake wa upasuaji, nini kilikufanya ubaki, au uondoke?

Dokta wa Mkoani (mwanzisha mada)
Habari za zamu, wapendwa. Mimi ni bingwa wa upasuaji wa jumla, hospitali ya rufaa ya mkoa, Tanzania. Intani wangu mmoja, yaani daktari aliye kwenye mwaka wa mazoezi, binti anayefunga fundo vizuri kuliko mabingwa wengine, ameniambia anakwenda kusomea ngozi kwa sababu mwanamke wa upasuaji hapati kulea. Limeniuma. Wanawake wa COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji chenye makao Arusha, walianzisha umoja wao wa WiSA mwaka 2015, na umetusaidia wengi. Lakini yule binti anahitaji kusikia habari za thieta zetu na zamu zetu. Semeni kilichotokea hasa. Hospitali na majina tuyaache.

Naanza. Nilijifungua nikiwa rezidenti, daktari anayesomea ubingwa, ninayejilipia ada. Mwajiriwa sheria inampa siku 84 za uzazi. Mimi nilikuwa mwanafunzi, sina mwajiri wa kumdai, na kila wiki niliyokaa nyumbani ilisogeza mtihani wangu mbele. Nikarudi mapema mno. Aliyeniokoa ni sista msimamizi wa thieta. Hakuitisha kikao wala hakuandika barua. Alinifungulia stoo ya vifaa nikamulie maziwa, akaniachia nafasi kwenye friji yao ya chai, na akipanga orodha ya siku alihakikisha sishiki kesi mbili ndefu mfululizo. Mwanangu hakuachishwa ziwa kwa ajili ya masomo yangu. Leo mimi ndiye mkuu wa idara, na chumba cha kukamulia kipo, kina komeo na friji yake.

Mifupa NRB
Asante kwa kufungua hili, daktari. Mimi niko Nairobi, mifupa. Nimeambiwa mara nyingi kwamba mifupa inataka nguvu za mwanaume. Nyonga iliyoteguka hairudi kwa misuli ya mikono! Mgonjwa akishalala kwa dawa, panda mguu mmoja kitandani, weka goti lako chini ya goti lake, shikilia kifundo chake, kisha nyanyua kisigino chako. Mguu wako ndio unaobeba kazi. Mwalimu wangu, mzee wa makamo, alinionyesha hivyo siku ya kwanza bila kusema neno lolote kuhusu uanamke wangu, na ndiyo maana nilibaki.

Kinachonikera hadi leo ni vifaa. Glavu zinaagizwa saba na nusu na nane, mimi navaa sita. Aproni ya risasi, ile ya kukinga mionzi ya eksirei, imekatwa kwa kifua cha mwanaume, kwapani inaacha upenyo, na hapo ndipo titi linapopigwa na mionzi. Dada zangu, ulizeni saizi kabla oda haijatoka.

Bint Mvita
Mimi ni wa Mombasa, navaa hijabu. Niliwahi kuzuiwa mlangoni pa thieta mbele ya wanafunzi wenzangu. Nikamwendea mkuu wa kuzuia maambukizi, tukakubaliana: kofia ya thieta inayofunika kichwa na shingo, inafuliwa na kuchemshwa pamoja na nguo nyingine za thieta. Mikono naiacha wazi hadi kwenye viwiko wakati wa kunawa, kisha gauni. Tangu pale wadogo zangu wanaingia bila kuulizwa.

Mwaka wa Tano
Shikamooni. Nasoma udaktari Bujumbura. Nataka ubongo. Nilipojua kwamba Claire Karekezi, aliyesomea Rabat, alirudi Kigali mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza Rwanda kupasua ubongo, niliacha kumwomba baba ruhusa.

Usingizi
Mimi niliondoka. Bosi aliyekuwa anasaini kitabu changu cha kesi, kile cha kuthibitisha upasuaji niliofanya mafunzoni, ndiye aliyekuwa ananishika. Nikikataa, kesi hazisainiwi. Nikahamia dawa za usingizi. Naipenda kazi yangu, lakini sikuichagua kwa uhuru, na sitaki mtu amwambie yule binti kwamba ni suala la kujikaza tu.

Dokta wa Mkoani
Pole sana, mdogo wangu, na asante kwa kusema. Umenifanya niangalie vitabu vya rezidenti wangu: wote wanategemea sahihi ya mtu mmoja. Kuanzia mwezi ujao, bingwa yeyote aliyekuwepo thieta atasaini, na sista msimamizi atakuwa na nakala ya orodha ya kesi. Wenye utaratibu bora zaidi kwao, uwekeni hapa niuchukue.