MREJESHO: FreeBSD iliyoganda kwenye skrini nyeusi baada ya kupandishwa toleo

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini laptopu yangu yenye kadi ya michoro ya Intel huganda na skrini kuwa nyeusi kila inapowaka, tangu nilipoipandisha FreeBSD (mfumo endeshi ninaoutumia) kutoka toleo la 13 hadi la 14. Tatizo limekwisha.

Aliyesema kwamba chanzo ni moduli ya i915kms (kiendeshi cha kadi za michoro za Intel), iliyoundwa kwa ajili ya keneli (kiini cha mfumo) ya zamani lakini ikaendelea kupakiwa kwenye keneli mpya, alilenga penyewe. Kwenye menyu ya kuwashia nilichagua hali ya mtumiaji mmoja, na kwa kuwa humo diski hufunguliwa kwa kusomwa tu, nilianza na amri ya mount -u / (diski yangu inatumia mfumo wa faili wa UFS) ili iweze kuandikwa, ndipo nikaiondoa i915kms kwenye mstari wa kld_list (orodha ya moduli za kupakiwa kompyuta inapowaka) ndani ya faili la mipangilio la /etc/rc.conf. Kompyuta iliwaka kwa maandishi matupu, lakini intaneti ilikuwepo, na hiyo ndiyo niliyoihitaji.

Amri ya pkg-static upgrade -f ilisakinisha upya vifurushi vyote, drm-kmod (kinacholeta i915kms) kikiwemo; ni kazi ndefu, hasa kwa wenye bando dogo. Nikarudisha i915kms kwenye kld_list, na Xorg (programu inayoonyesha madirisha na picha) ikafunguka.

Ushauri wa kuihamishia moduli kwenye /boot/loader.conf (faili linalosomwa kabla keneli haijaanza) sikuufuata, kwa sababu watunzaji wa drm-kmod wenyewe huelekeza itumike rc.conf.

Kilichobaki ni kompyuta kutoamka baada ya kufunikwa, jambo ambalo nitaliuliza peke yake.