Fundi umeme wa kujitegemea Arusha: saa moja nitoze ngapi iwe haki kwangu na kwa mteja?

Fundi_Sakina
Wakuu, habari za jioni. Nina leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), nafanya kazi peke yangu Sakina, Ngaramtoni mpaka Njiro. Nyumba mpya natoza kwa pointi (kila taa, swichi au soketi ninayofunga), hapo hatugombani. Shida ni kazi ndogondogo: breka inaanguka, soketi inanuka kuungua, shawa haipashi maji. Natoza shilingi 5,000 kwa saa, wateja wanaona nyingi na mimi mwisho wa mwezi sibaki na kitu. Nyie mnahesabuje? Na safari, kwenda dukani, kumsubiri mwenye ufunguo, vinaingia kwenye saa au navimeza mwenyewe?

Fazi_Tatu
Mkuu, kosa liko kwenye kugawa. Umechukua saa zote unazokuwa kazini, wakati mteja analipia zile tu ulizoshika bisibisi.

Anza na mahitaji ya mwaka. Namba hizi ni za mfano, weka zako: nyumbani 700,000 kwa mwezi, yaani 8,400,000. Mafuta na matengenezo ya pikipiki 1,440,000. Simu na bando 360,000. Vifaa vinavyochakaa (diski za grinda, biti, koleo, betri za mita) 600,000. Leseni, mchango wa hifadhi ya jamii na akiba ya matibabu 1,200,000. Jumla 12,000,000.

Sasa saa. Toa wiki 4 za sikukuu, homa na mvua za masika, zibaki 48. Ukifanya kazi saa 45 kwa wiki ni saa 2,160, na ukigawa unapata kama 5,500. Ndiyo 5,000 yako hiyo. Lakini katika zile 45, kukagua kazi, kupiga hesabu, kutafuta vifaa, kuvuka mji na kudai hela vinakula karibu nusu. Chukua 24 zinazolipwa: 48 × 24 = 1,152. Milioni 12 ukigawa kwa 1,152 ni 10,417. Ongeza asilimia 15 ya kurudia kazi na madeni yasiyolipika, unafika 12,000. Hiyo ndiyo saa yako. Chini ya hapo unamlipia mteja umeme wake kwa ada ya mwanao.

DadaFundi_Moshi
Hesabu ya Fazi_Tatu naikubali, ila usimtajie mteja "elfu kumi na mbili kwa saa" halafu unyamaze. Atakaa anaangalia saa ya ukutani, na kila ukipokea simu anahisi anaibiwa. Halafu saa tupu inamwadhibu fundi mwepesi: anayemaliza kwa dakika 40 anapata kidogo kuliko anayezubaa.

Gawa hivi. Kufika pamoja na saa ya kwanza: 20,000, safari ya ndani ya kilomita 5 imo humo. Baada ya hapo 3,000 kila robo saa. Nje ya kilomita 5 ongeza nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi, bila faida juu yake. Kumsubiri mwenye ufunguo kunahesabiwa kuanzia muda mliokubaliana, na umwambie mapema kwa ujumbe. Kwenda dukani kunahesabiwa pia, ila safari moja tu. Ukisahau skrubu ukarudi, hiyo ni juu yako.

Mpe na kikomo: "Kutafuta hitilafu hakutazidi 40,000. Nikiona kunazidi nasimama nakuambia." Kikomo hicho ndicho kinachomfanya akubali saa.

Na kabla hujawasha pikipiki, uliza kwenye simu: majirani wana umeme? LUKU ina uniti? Breka ipi imeanguka? Maswali matatu hayo yanakuokoa na safari ya kwenda kumwambia mtu anunue uniti. Kama tatizo liko upande wa mita au nguzo, ni la TANESCO. Usiguse lakiri hata akubembeleze.

Mzee_wa_Mega
Naongeza kwenye kutafuta hitilafu, maana hapo ndipo saa zinapotea bure. Breka ya kuvuja umeme (ile ya miliampia 30) inaanguka nyumba nzima. Wengi wanaanza kufungua soketi moja moja, asubuhi inaisha. Fuata mpangilio:

1. Shusha breka zote ndogo, pandisha kubwa, kisha pandisha ndogo moja moja. Inayoangusha imejulikana. Dakika 5.
2. Kwenye sakiti hiyo chomoa kila kifaa: pasi, friji, jagi la kuchemshia. Mara nyingi mkosaji ni elementi iliyoingia maji, si waya.
3. Kama bado inaanguka, zima meinswichi, hakikisha kwa tesita hakuna umeme, toa taa za LED na chochote cha kielektroniki, tenganisha nyuta (waya wa kurudisha umeme) ya sakiti hiyo, piga mega (kipimo cha kuonyesha kama waya unavuja) kwa volti 500. Chini ya megaomu 1, waya au boksi lina unyevu au limechubuka.
4. Ikisoma vizuri lakini breka inaanguka ukiwasha mzigo, angalia nyuta. Fundi aliyepita huenda aliazima nyuta ya sakiti nyingine. Umeme unaondoka njia moja unarudi nyingine, breka inaona tofauti.

Yote hayo ni saa moja hadi moja na nusu, nyumba ya vyumba vitatu. Ikizidi, mpigie mwenye nyumba kabla hujaendelea.

Shawa ndiyo ugomvi mkubwa. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 230 inavuta ampia 24. Ukiikuta kwenye waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya ampia 20, breka inaanguka kwa haki. Mteja atakuomba uweke ya 32, kazi ya robo saa. Kataa. Waya utachemka ndani ya paipu na breka haitaona kitu. Dawa ni waya mpya wa 6 na breka ya 32, laini yake peke yake toka kwenye bodi. Mtajie bei ya kazi nzima, usimwekee saa.

Fundi_Sakina
Asanteni sana. Dada, hiyo ya kikomo sikuwahi kuifikiria. Mawili bado: mteja akinunua waya mwenyewe ukawa feki, saa za kurudia ni za nani? Na pointi nizioanishe vipi na hiyo 12,000?

Fazi_Tatu
Waya: kagua kabla hujauvuta. Kwangua ncha kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kisha weka rola kwenye mizani. Shaba peke yake kwenye mita 100 za 2.5 ina uzito wa kilo 2.2, za 1.5 kilo 1.3. Rola zima pamoja na plastiki likiwa chini ya hapo, shaba haijatimia au mita zimepunjwa. Mwonyeshe kabla ya kazi. Akisisitiza, andika kwenye makadirio kwamba kurudia ni kwa saa zake. Wewe usipokagua, ni zako.

Pointi: kazi ya wiki kadhaa sehemu moja haina kuvuka mji, saa zinazolipwa zinafika 36 kwa wiki. Rudia hesabu ile ile, saa inashuka hadi 8,000. Pointi ya taa kwenye ukuta wa tofali, kuchonga mpaka kupima, iweke saa moja na nusu: 12,000. Ukuta wa mawe kama ule wa nyumba za zamani, saa mbili na nusu: 20,000. Usitoe bei ya pointi kwa simu kabla hujauona ukuta. Msaidizi mweke mstari wake: ukimlipa 20,000 kwa siku ya saa 8 ni 2,500 kwa saa, mteja mtoze 3,500, kwa sababu kuna chakula chake na muda wako wa kumsimamia.

Njiro_Breka
Kwa wenye hoteli na loji: wanakata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye ufundi. Ukidai 300,000 utapokea 285,000. Andika ufundi na vifaa mistari tofauti, na omba cheti cha makato siku hiyo hiyo.

Usiku na sikukuu, fuata kipimo ambacho watu wanakijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri alipe muda wa ziada mara moja na nusu, sikukuu mara mbili. Wewe si mwajiriwa, lakini mteja anaielewa lugha hiyo. Yako itakuwa 18,000 na 24,000.

Fundi_Sakina
Nimeandika hivi nitume kwa wateja: "Kufika na saa ya kwanza 20,000. Kisha 3,000 kila robo saa. Hitilafu haizidi 40,000 bila kukuuliza. Vifaa unaona risiti."

DadaFundi_Moshi
Ongeza "ndani ya kilomita 5" na bei ya usiku, kisha tuma. Wateja wa zamani watumie wiki mbili kabla ya kuanza kutoza, wasikutane nayo mlangoni.