Presha inashuka mashineni, nyumbani inapanda: tufanyeje na maji ya mama?

Mlezi wa Mama
Wakuu, naomba ushauri. Figo za mama zimeshindwa, anasafishwa damu kwa mashine Jumatatu na Alhamisi, masaa manne kila kikao. Uzito mkavu (uzito wake bila maji ya ziada) aliopangiwa ni kilo 60, ila anafika na 64. Saa ya tatu ya kikao presha inaporomoka, misuli ya miguu inakaza, wauguzi wanasitisha kutoa maji. Jioni nyumbani ni 170/95. Tunampimia nusu lita ya maji kwa siku, mkojo karibu hana. Hizo kilo zinatoka wapi?

Zamu ya Usiku
Pole mkuu. Kilo 4 ni lita 4. Kwa masaa manne mashine inavuta mililita 1,000 kila saa, karibu mililita 17 kwa kila kilo ya mwili. Kikomo kinachofuatwa sehemu nyingi ni 13, yaani kwa mama lita 3.1 tu kwa kikao. Maji yaliyojificha mwilini hurudi kwenye mishipa polepole. Yakivutwa kwa kasi kuliko yanavyorudi, presha inaanguka. Kikao kikisitishwa anaondoka na maji yaliyobaki, ndiyo hiyo 170. Ombeni masaa matano, au kikao cha tatu kama bima inakubali.

Jiko la Figo
Kikombe msikilaumu sana. Gramu 8 hivi za chumvi hushika lita nzima ya maji, na mwenye kiu atakunywa tu. Kagueni ng'onda, dagaa wa chumvi, viungo vya pakiti, mkate, na magadi ya kwenye bamia na maharage (hayo wengi huyasahau). Jumla isizidi gramu 5 kwa siku. Ladha itoke kwenye ndimu, tangawizi, kitunguu saumu. Chumvi mbadala ya potasiamu msiiguse, inaweza kusimamisha moyo. Madafu nayo hivyohivyo, yana potasiamu nyingi. Uji, supu, chai na barafu vyote vihesabiwe kama maji.

Mlezi wa Mama
Shukrani. Asubuhi ya kikao anameza dawa za presha, amlodipini na atenololi. Tuziache?

Zamu ya Usiku
Msiache wenyewe; atenololi ikikatwa ghafla moyo unaweza kwenda mbio. Muulizeni daktari kama zihamie baada ya kikao, maana atenololi hutolewa na mashine, amlodipini haitoki. Asile mlo mzito akiwa mashineni. Ombeni maji ya mashine (yale yanayosafisha damu) yapozwe hadi nyuzi 36. Wakitaka kupandisha sodiamu (chumvi) ya maji hayo, ulizeni kwanza: presha itasimama, lakini atarudi nyumbani na kiu.

Mzee wa Mizani
Uzito mkavu ulipangwa lini? Kama kapungua nyama, hiyo 60 ina maji ndani. Kama kanenepa, wanavuta maji ambayo hayapo. Na akishindwa kupumua akilala chali, msingoje Alhamisi, mpelekeni hospitali usiku huohuo.