Hifadhi ipi itamfaa mama yangu anayetaka kuwaona tembo mchana?

Mwalimu wa Kibaha

Wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kuzitembelea hifadhi zetu za taifa, hasa waliowahi kwenda na mzazi mtu mzima pamoja na watoto wadogo.

Mama yangu ana umri wa miaka 64. Alizaliwa na kukulia Kisaki, mkoani Morogoro, pembezoni mwa lililokuwa Pori la Akiba la Selous, na katika utoto wake wote tembo walikuwa ni habari ya usiku. Msimu wa mahindi ukifika walikuwa wakilala shambani juu ya dungu, yeye na bibi yangu, wakipiga madebe na kuchochea moto hadi kupambazuke, na mara nyingi asubuhi walikuta mahindi yamelazwa na migomba imevunjwa pamoja na jitihada zote hizo. Anasema kuwa katika miaka yote ile hakuwahi kumwona tembo zaidi ya kivuli chake na mlio wa matawi yanayokatika. Mwezi uliopita, tulipokuwa tukizungumza mambo mengine kabisa, aliniambia kwamba angependa kumwona tembo mchana, yeye akiwa ameketi, pasipo mtu yeyote kukimbia. Tangu siku hiyo sijatulia.

Nimepanga tuondoke mwezi wa Juni shule zitakapofungwa. Tutakuwa mama, mimi, mdogo wangu wa kiume na watoto wangu wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4. Tuna siku nne tu kwa sababu mdogo wangu hana likizo ndefu. Kila ninayemwuliza ananiambia niende Serengeti, kana kwamba nchi hii haina hifadhi nyingine, lakini nikipiga hesabu ya njia na gharama naona fedha nilizoweka akiba kwa zaidi ya mwaka mmoja zitaishia barabarani. Je, kwa siku nne Serengeti inawezekana? Mama anasumbuliwa na magoti, na gari la utalii huwa refu; je, wengine mmefanyaje? Jambo la tatu linanitia aibu kidogo kuliuliza: mama bado anawaogopa. Je, kuna hatari ya tembo kulishambulia gari?

Dereva wa Kaskazini

Mwalimu, karibu sana. Nimeendesha watalii kutoka Arusha kwa miaka mingi na Serengeti ndiyo iliyonilisha na kunisomeshea watoto, kwa hiyo usidhani kwamba naidharau nikikwambia kuwa safari hii isiwe ya Serengeti.

Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600, na kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya hifadhi, ni kilomita nyingine zipatazo 335, sehemu kubwa ikiwa ni barabara ya vumbi yenye mikwaruzo itakayomtesa mwenye magoti mabovu kuliko kupanda na kushuka garini. Tena njia hiyo inapita ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo ina mamlaka yake na viingilio vyake, kwa hiyo mtalipa mara mbili kabla hamjamwona nyumbu hata mmoja. Mwezi wa Juni nyumbu wengi huwa wamekwisha kuondoka kwenye tambarare za kusini walikozalia na kuelekea upande wa magharibi, karibu na mto Grumeti. Mtu anayewataka hao kwa wakati huo ni heri aingilie lango la Ndabaka, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, kwani hapo hapitii Ngorongoro kabisa. Hilo nalisema kwa faida ya wasomaji walioko Kanda ya Ziwa, ambao wengi huzunguka hadi Arusha ilhali mlango uko karibu na nyumbani kwao.

Ila mama hakutaka nyumbu, alitaka tembo. Hata kreta ya Ngorongoro nisingekushauri kwa haja hiyo, kwa sababu tembo wanaoonekana kule chini kwa kawaida ni madume makubwa wenye meno marefu, wakitembea mmoja mmoja; majike na watoto wao ni nadra kushuka. Ukinilazimisha nichague hifadhi ya kwetu kaskazini, nitakutajia Tarangire, iliyo mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Arusha. Kuanzia Juni hadi Oktoba maji hukauka katika maeneo ya jirani, na familia nzima nzima za tembo hushuka kwenye mto Tarangire kunywa na kuchimba mchanga wa mtoni kwa miguu na mikonga. Unaweza kuzima gari chini ya mbuyu na kukaa saa nzima, nao wakapita wakiendelea na shughuli zao. Kama mtaweza kufika Arusha kwa ndege, siku nne zinatosha kabisa. Mkienda kwa basi, siku mbili zimeliwa na njia, na mama atafika amechoka.

Mkazi wa Morogoro

Naungana na ndugu yangu kuhusu Serengeti, lakini hata Tarangire naiona ni mbali bila sababu, wakati mama ana Mikumi mkoani kwake.

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia inakatiza katikati yake. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 283. Siku hizi mnaweza kupanda treni ya umeme hadi Morogoro, safari ya chini ya saa mbili ambayo watoto wataifurahia kuliko mnavyofikiri, kisha mkakodi gari mjini kwa kilomita kama 100 zilizobaki, zote zikiwa za lami hadi langoni. Hapo mtakuwa mmetumia nusu siku tu, na siku tatu na nusu zilizobaki ni za mama.

Mkiingia langoni, upande wa kaskazini wa barabara, kuna tambarare ya Mkata, ambako ardhi imenyooka na macho yanafika mbali. Hapo twiga, pundamilia, nyati, nyumbu na swala pala ni wa kawaida, tembo huonekana mara kwa mara, na kuna bwawa la viboko lisilo mbali na lango ambalo mtoto wa miaka 4 hatakubali kuondoka. Jihadharini na jambo moja. Udongo wa Mkata ni ule mweusi unaonata, ambao wakulima wa kwetu huuita mbuga, na baada ya masika hukawia kukauka, huku nyasi nazo zikiwa bado ndefu kiasi cha kumficha simba aliyelala hatua kumi kutoka kwenye gari. Kwa hiyo msiende wiki ya kwanza ya Juni. Subirini mwishoni mwa mwezi, na mkodi gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne hata kama mwenye gari dogo atawaapia kwamba linapita.

Kuhusu gharama, raia wa Tanzania hulipa kiingilio kwa shilingi akionyesha kitambulisho chake, kwa kiwango kilicho chini sana ya kile cha wageni, na mtoto aliye chini ya miaka 5 halipi. Gari nalo lina tozo yake. Malipo hayafanyiki kwa fedha taslimu. Mnapewa kumbukumbu namba na kulipia benki au kwa simu. Kiingilio hukaa saa 24, basi mkiingia saa nane mchana mnaweza kutumia alasiri hiyo na asubuhi yote ya kesho yake kwa malipo yale yale, mradi mlale humo humo ndani, kwenye mabanda ya hifadhi. Mkilala mji mdogo wa Mikumi mtapata vyumba vya bei nafuu zaidi, lakini mtaikosa ile saa ya kwanza ya alfajiri, ambayo kwangu mimi ndiyo hifadhi yenyewe.

Wengine watakutajia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous, na safari za boti kwenye mto Rufiji. Ni nzuri mno, nami nimekwenda mara mbili, ila barabara kutoka Kibiti hadi lango la Mtemere si rafiki wa magoti.

Mzee wa Doria

Binti yangu, nimefanya kazi ya uaskari wa wanyamapori hadi nilipostaafu, sehemu kubwa ya miaka hiyo ikiwa upande huo wa Selous na Mikumi. Naomba nilijibu swali lako la tatu, kwa sababu naona ndugu hawa wamelipita, na kwangu ndilo kubwa.

Hofu ya mama si ya kumwonea aibu, nayo ni elimu. Mtu aliyelala kwenye dungu anamfahamu tembo kuliko mtalii aliyemwona pichani. Tembo anaweza kulishambulia gari, lakini karibu kila mara hutoa onyo kwanza, na ajali nyingi humpata dereva asiyesoma onyo hilo au anayelipuuza ili abiria wapate picha. Akigeuka kukukabili, akatandaza masikio, akainua kichwa na kukitikisa, anakuambia umesogea mno. Akizungusha mguu mmoja wa mbele hewani kana kwamba hajui aende wapi, amekosa raha na anafikiri. Hapo dereva harudi nyuma kwa kishindo wala hapigi honi. Hutulia, kisha huondoka taratibu. Kosa baya kuliko yote ni kuingiza gari kati ya mama na ndama wake. Mchague dereva kwa jambo hili, kabla ya kutazama uzuri wa gari. Muulize atafanya nini tembo akitandaza masikio, na akikujibu kwa kucheka, tafuta mwingine.

Mkiwakuta, mwombeni asimame mbali, azime injini, nanyi mnyamaze. Mwacheni mama aamue mwenyewe kama gari lisogee. Baada ya dakika kumi za ukimya ataanza kusikia yale ambayo usiku wa kulinda shamba hayakuweza kusikika kwa kelele za madebe, yaani majani yanavyong'olewa, ndama wanavyolalamika, na ile ngurumo nzito ya chini ambayo tembo huzungumza nayo. Kundi la majike huongozwa na jike mtu mzima, na mkitulia mtamtambua, kwa kuwa yeye akisimama wote husimama.

Juu ya magoti, chukueni kigoda cha nyumbani cha kukanyagia, na mama aketi nyuma ya dereva, kiti ambacho hakirushwi sana kama vile vya nyuma. Hairuhusiwi kushuka garini isipokuwa langoni na kwenye sehemu za mapumziko zilizotengwa, kwa hiyo asiondoke bila kujisaidia, na dawa zake ziwe mkononi. Msivae nguo za bluu wala nyeusi, maana ndorobo huzipenda rangi hizo na kuumwa nao kunachoma kweli kweli. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo chakula kibebwe kwenye kikapu au makopo.

Mwalimu wa Kibaha

Shikamoo mzee, nanyi ndugu zangu ahsanteni sana. Nimemsomea mama majibu yote jana usiku. Nilipofika kwenye maelezo ya dungu na madebe aliniomba nirudie mara mbili, kisha akakaa kimya. Tumekubaliana kwenda Mikumi wiki ya mwisho ya Juni, tukilala ndani ya hifadhi usiku mbili, na Tarangire tunaiwekea akiba upya.

Mama amenituma swali moja kwa Mzee wa Doria. Anauliza kama tembo wa Mikumi ni wale wale waliokuwa wakija Kisaki.

Mzee wa Doria

Marahaba, binti yangu. Mwambie mama ameuliza swali la mtu anayeijua nchi yake.

Mikumi imepakana na eneo la Selous kwa upande wa kusini, na wanyama hawatambui mpaka tuliouchora sisi. Tembo huvuka kutoka huku kwenda kule kufuata maji na malisho, kwa hiyo ni ukoo mmoja. Miaka ya sabini, alipokuwa msichana, Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Ujangili uliwamaliza kwa awamu mbili, na ile ya pili iliniuma zaidi kwa sababu nilikuwa nimeamini kwamba vita ile tulikwisha kuishinda. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta tembo wapatao 13,000 tu, na mwaka uliofuata UNESCO ikaiingiza Selous kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Lakini tembo asiyeuawa huishi hadi miaka 60, na wengine hukaribia 70. Ndama wa kike aliyekuwa akifuata nyuma ya mama yake kwenye mahindi ya Kisaki miaka ile, kama alinusurika, leo ni bibi wa familia, rika moja na mama yako. Siwezi kumwahidi kwamba atamwona huyo hasa. Akimwona jike mkubwa aliye mbele, mwenye vishimo vilivyobonyea juu ya macho na masikio yaliyochanika pembeni, amtazame vizuri.

Malipo yafanyeni mkiwa Morogoro, ambako mtandao wa simu hausumbui, na mkishalala ndani ya hifadhi muwe mmekwisha kupanda garini saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawarudisha tembo vichakani.